Kliniki ya afya ya uzazi Ngamiani, Tanga: huduma kwa klamidia inayojirudia

Mwanamke aliyeonekana tena na klamidia, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria, baada ya kumaliza dawa anastahili kuulizwa maswali kabla ya kuandikiwa dozi nyingine, na hiyo ndiyo sababu ninaisifu kliniki ndogo ya Ngamiani ninakotibiwa. Nilikopita awali nilipewa vidonge vilevile nikaruhusiwa kuondoka, wala hakuna aliyeuliza kama mume wangu ametibiwa.

Hapa muuguzi alifunga mlango, akachukua karatasi na kuandika tarehe kwa mfuatano: siku niliyoanza dawa, niliyomaliza, tuliyokutana kimwili na niliyopimwa. Akinionyesha tarehe hizo, alinieleza kwamba klamidia ikijirudia, mara nyingi huwa ni maambukizi mapya kutoka kwa mwenzi asiyetibiwa, ingawa huenda pia yale ya mwanzo hayakuisha, ama kwa sababu dozi ilikatizwa, ama kwa sababu dawa haikufanya kazi ipasavyo. Tena, kipimo cha vinasaba kikifanywa mapema mno, kabla ya wiki 4 tangu matibabu, kinaweza kunasa mabaki ya bakteria waliokwisha kufa. Nilipomuuliza kama bakteria hujificha mwilini, alijibu kwa uangalifu: maabarani wameonekana wakidumaa ndani ya seli na kuzaana upya baadaye, lakini wataalamu bado wanabishana kama hilo ndilo linalowarudishia wanawake ugonjwa. Jibu hilo la kweli lilinipa imani kuliko ahadi yoyote.

Baada ya kuhakikisha kuwa sina mimba, aliniandikia doksisaiklini ya miligramu 100, mara mbili kwa siku kwa siku 7, akasisitiza kwamba mume wangu atibiwe wakati huohuo, tusikutane mpaka sote tumalize, na nirudi kupimwa baada ya miezi 3. Mapokezi nayo ni ya staha, kwani wagonjwa huitwa kwa namba na ugonjwa hautajwi mbele za watu.

Kasoro yake ni kubwa kwa mji wa pwani: wenzi wa kiume hupokelewa asubuhi za siku za kazi tu, saa ambazo wavuvi wa mwalo wa Deep Sea ndio kwanza wanashusha samaki. Ninauomba uongozi utenge walau jioni moja kwa wiki kwa ajili yao, kwa sababu wapo wanawake wanaomeza dawa kwa uaminifu na kuambukizwa tena nyumbani.