Uzoefu wangu na X-Men namba 137: nilijua anakufa, na bado nililala saa nane usiku

Nilijua anakufa. Jalada lenyewe linatangaza kwamba Phoenix, yaani Jean Grey, lazima afe, na filamu mbili, ya 2006 na ya 2019, zimeshaijaribu hadithi hii, kila moja ikaiharibu kwa namna yake. Kwa hiyo nilipoagiza X-Men namba 137, katuni ya Marvel, toleo la Septemba 1980, sikuwa nikitafuta mshangao. Nilitaka kuona jinsi walivyomfikisha pale.

Nakala ya mwaka ule sikuithubutu, bei yake ina wenyewe. Nilichukua iliyochapwa upya pamoja na matangazo yake ya zamani. Binamu yangu wa Toronto aliipokea, akanibebea kwenye sanduku alipokuja likizo. Duka lilikuwa limeitia kwenye bahasha nyembamba bila hata kipande cha boksi, ikafika kona imekunjika na pini ya chini inacheza. Nyota moja napunguza hapo, lakini hiyo ni ya duka, hadithi haina kosa.

Kwa asiyefuatilia: Jean Grey ni mmoja wa X-Men watano wa mwanzo, wanafunzi wa Profesa Xavier, wa 1963. Katuni ile ilidorora mpaka ikawa inarudia hadithi za zamani tu, ikafufuliwa 1975 na kikosi kipya. Chris Claremont akashika kalamu, baadaye akaja mchoraji John Byrne, wakawa wanatunga pamoja. Jean alikuwa ameshapewa nguvu zisizo na mpaka na jina la Phoenix; mikononi mwao nguvu zikamlevya. Katika namba 135 anakula nyota nzima kwa njaa, na sayari iliyokuwa ikiizunguka inateketea na viumbe wake bilioni tano. Sasa dola la Shi'ar, la huko anga za mbali, linakuja kumdai. Anayedai ni malkia Lilandra, mpenzi wake Profesa Xavier, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwa sababu Xavier anaijua mila yao na anaitumia kudai pambano la heshima. Wanapelekwa mwezini: X-Men upande huu, Walinzi wa Kifalme wa Lilandra upande ule, na Jean ndiye dau.

Vita vyenyewe ni vizuri. Byrne anajua kumpanga mtu ndani ya magofu usipotee, na wino wa Terry Austin umechongoka kiasi kwamba unaweza kuhesabu mawe. Mashujaa wetu wanaangushwa mmoja mmoja. Lakini kilichonishika mimi ni nguo. Jean anaingia vitani na kigauni chake cha kijani na kinyago cha njano, vazi la ujana wake, alipokuwa bado anaitwa Marvel Girl. Hapigani kama Phoenix. Ni kama mtu aliyefungua kabati akatoa sare ya shule siku ya kusomewa hukumu. Nilirudi kwenye picha hizo mara tatu.

Mwisho wake mnaujua. Phoenix anaibuka tena ndani yake, Jean anakimbilia kwenye silaha ya kale, anamzuia mpenzi wake Scott kwa nguvu za akili ili asimfikie, kisha silaha inafyatuka. Panabaki mahali patupu. Halafu Claremont, kama kawaida yake, hawezi kunyamaza. Scott amepiga magoti, analia, na bado anatueleza hatua kwa hatua jinsi Jean alivyopanga, utadhani shahidi mbele ya hakimu. Kaka, mpenzi wako amekufa sasa hivi! Toleo zima lina maneno mengi hivyo. Maandishi ya mkono ya Tom Orzechowski ni mazuri, lakini niliyasoma kwa miwani.

Na Ororo, yule X-Men anayeitwa Storm? Huyo ndiye niliyekuwa namtafuta, kwa kuwa mama yake ameandikwa kuwa wa Kenya na yeye mwenyewe alikuwa akileta mvua huko kabla Xavier hajamfuata. Jina lake mimi hulisikia kama nusu ya "mwororo", hata nikampenda kabla sijamsoma. Hapa hapewi nafasi ya maana.

Sasa kisa cha nyuma ya pazia. Watunzi hawakupanga kumuua. Katika mwisho wa kwanza, uliokwisha kuchorwa, Jean ananyang'anywa nguvu zake na kubaki hai. Mhariri mkuu wa Marvel, Jim Shooter, akakataa: mtu ameua sayari nzima, anarudije nyumbani? Kurasa zikafanywa upya. Mwisho ule wa awali ulikuja kuchapishwa 1984, nami nimeusoma. Kwa kawaida siko upande wa bosi anayeingilia kazi za watu, lakini hapa bosi alikuwa sahihi. Sisi pwani tumekua tukisikia kwamba mwenye kuua ana kisasi, ana dia, au ana msamaha wa wafiwa. "Nguvu zimeshamtoka" haimo humo. Na hawa wafiwa hawapo hata mmoja, wamekwenda wote. Jean mwenyewe ndiye pekee aliyelihesabu deni, na ndiyo maana kifo chake hakinukii hila ya kuuza magazeti.

Ya kwamba 1986 walimfufua, eti aliyekufa hakuwa yeye, yeye alikuwa kwenye kifukofuko chini ya maji New York, nalipita haraka. Ukitaka ladha ya namba 137, lisome kama hilo halijatokea.

Nne kati ya tano, basi. Ukiweza anza namba 129 uje nayo taratibu. Ukiruka moja kwa moja hapa utaona watu wazima wanalia mwezini tu.

Nakala sasa anayo mpwa wangu wa miaka kumi na miwili. Juzi asubuhi, mkate mkononi, akaniuliza: "Mjomba, na wale wa ile sayari? Matanga yao yaliwekwa wapi?" Nikamwambia toleo linalofuata ni la mazishi. Akafurahi. Sikumwambia kwamba anayezikwa ni Jean peke yake.