Protini ya kushikia seli: ipi uagize ukiwa Kigoma

Hii ni protini inayopakwa kwenye sahani ya maabara ili seli unazokuza zishike. Kabla ya kulinganisha bei, angalia safari. Mzigo ukitoka forodha Dar es Salaam bado una Dodoma, Manyoni, Tabora na Uvinza mbele yake, na barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa) inazidi kupungua njiani. Ndiyo maana tunatanguliza protini iliyokaushwa kuwa unga.

1. Fibronektini ya binadamu, ya unga. Kwa fibroblasti (seli zinazojenga tishu unganishi) na seli za mishipa ya damu, anza na hii. Soma lebo vizuri: nyingi zinatokana na plazma ya damu, kwa hiyo kama utafiti wako unadai rekombinanti (iliyotengenezwa na seli zilizopandikizwa jeni yake), litaje neno hilo kwenye oda. Kichupa kikitoka kwenye baridi, kiache kifikie joto la chumba kabla ya kukifungua, la sivyo unyevu wa hewa utaingia kwenye unga. Ongeza maji safi yasiyo na vijidudu hadi miligramu 1 kwa mililita, kiache kwenye nyuzi 37 kwa dakika 30, na usikitikise. Ukitikisa, molekuli zinashikana kuwa nyuzinyuzi ambazo haziyeyuki tena, na dozi uliyopiga hesabu haifiki kwenye sahani. Paka maikrogramu 1 hadi 5 kwa sentimita ya mraba. Kisima kimoja cha sahani ya visima 6 kina takriban sentimita 9.5 za mraba. Ukipaka maikrogramu 2, miligramu moja inatosha sahani 8 hivi.

2. Vitronektini fupi rekombinanti. Anayekuza seli shina (seli zinazoweza kugeuka kuwa aina nyingine za seli) aiweke hii namba moja. Inahitaji maikrogramu 0.5 tu kwa sentimita ya mraba, saa moja kwenye joto la chumba, katika PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti) isiyo na kalsiamu wala magnesiamu. Seli zikipandwa mojamoja hufa kwa wingi, hivyo ongeza Y-27632 (kemikali inayosaidia seli zisife), maikromola 10 kwa lita, kwa siku ya kwanza. Tafuta ya unga. Ya maji inadai friza ya nyuzi −80.

3. Laminini 521. Kwa kushika seli shina zilizopandwa mojamoja, hakuna kati ya hizi inayoifikia. Lakini ni ghali, huja ikiwa kimiminika, hupakwa kwa PBS yenye kalsiamu na magnesiamu, na sahani ikikauka kazi yote imeharibika. Iagize kama jenereta yako ni ya kutegemewa.

Jeli ya uvimbe wa panya si protini ya binadamu wala si rekombinanti. Usikubali ikiletwa badala yake.

Yoyote utakayochagua, igawe mara moja kwenye vichupa vya sahani moja moja. Kuigandisha na kuiyeyusha tena na tena kunaiua. Epuka pia friza inayojiyeyushia barafu yenyewe, kwa sababu hupandisha joto kila inapofanya hivyo.

Mwombe muuzaji cheti cha bechi hiyo hiyo kinachoonyesha usafi, endotoksini (sumu ya bakteria) na kipimo cha seli kushikamana. Panga mzigo utue Dar Jumatatu au Jumanne, usilale forodhani wikendi. Ukipokea, fungua boksi kabla ya kusaini, na kama barafu imekwisha piga picha papo hapo.