Lebo za posti zinazojiweka zenyewe: nimezijaribu kwa fundi sofa wa Mabatini

Habari zenu, karibuni. Nipo Mwanza, Mabatini, ndani ya karakana ya fundi ambaye kurasa zake za Instagram na Facebook nazisimamia mimi. Mkisikia randa nyuma yangu mnivumilie, watu wako kazini.

Leo nachambua jambo moja: kuzipa posti lebo, yaani neno linalosema posti ni ya aina gani, bila kukaa kuzisoma mojamoja. Fundi ana posti zaidi ya 300, na swali lake ni hili: "Mdogo wangu, kinacholeta wateja ni picha za bei au video za kazi?" Bila lebo humjibu. Utaishia kumwonyesha laiki.

Nimejaribu njia mbili. Ya kwanza ni bure. Unaingia Meta Business Suite, pale Meta wanapokuwezesha kusimamia kurasa za Facebook na Instagram, kwa kompyuta, unapakua faili la takwimu za posti, unalifungua kwenye Google Sheets. Kila posti ina mstari wake: maelezo, tarehe, waliofikiwa, komenti, shea. Unaongeza safu ya lebo yenye fomula ya IF, ndani yake REGEXMATCH inayotafuta maneno unayoitajia. Ikikuta "bei" au "ofa", inaandika BIASHARA. Ikikuta "kushona" au "kupigilia", inaandika KAZI.

Sasa tazameni hapa. Karibu kila posti ni BIASHARA! Nilikaa nayo jioni nzima nikidhani faili limeharibika. Kumbe neno "sofa" lina "ofa" ndani yake. Fomula haijui neno linaanzia wapi, inatafuta herufi tu. Dawa yake: weka ule mkwaju unaolalia kushoto pamoja na herufi b, yaani \b, kabla na baada ya "ofa", itafute neno zima. Maelezo nayo yafungie ndani ya LOWER, ili OFA ya herufi kubwa isiachwe. Halafu ongeza maneno yetu wenyewe: punguzo, bei chee.

Njia ya pili ni programu ya kulipia yenye akili mnemba. Hii inasoma maana, inaangalia hata picha, kwa hiyo posti yenye emoji tupu nayo inapata lebo. Fomula ingeiacha wazi. Hapo naisifu kwa moyo wote. Lakini kitanda cha mkongo imekiwekea lebo ya nchi ya Kongo. Jamani, mkongo ni mbao! Nilipoipa orodha ya lebo zangu sita, kila moja na mifano miwili, ikatulia. Usiiachie ijitungie lebo. Na hata ikitulia, chukua posti 50, uziwekee lebo kwa mkono, ulinganishe.

Kwenye hesabu, kuwa makini na wastani. Tuna video ya sofa ikipakiwa kwenye kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema. Ilisambaa mno, na peke yake iliibeba lebo nzima ya USAFIRI ikaonekana ndiyo bora. Tumia MEDIAN, thamani ya katikati, uone posti ya kawaida inafika wapi.

Kingine, wateja wengi hapa hawakomenti, wanakuja WhatsApp, na faili halina habari zao. Fundi ana daftari mezani: kila anayeulizia anaandikwa ameona posti gani. Nimeliingiza daftari lile kama safu moja zaidi. Hapo ndipo nikagundua kosa langu lingine: fomula ilisimama kwenye lebo ya kwanza, kumbe wanaoulizia hasa wametoka kwenye posti zenye zote mbili, video ya kazi iliyoandikwa bei. Kila lebo ipe safu yake, posti iweze kubeba mbili au tatu.

Kwa kurasa za fundi mmoja kama huyu nabaki na fomula. Ningekuwa na mafundi kumi, ningeilipia programu. Fundi ameshaanza, ngoja niwageuzie kamera: anashona kava la sofa ya kona, na bei nimeshaiandika mstari wa kwanza.