Waandishi wa kiufundi wa kukodi: lugha safi, namba majanga
Niliwapa hawa jamaa mwongozo wa betri za sola wauandike na kuuhariri, maana profaili yao inajinadi wana wataalamu wa umeme kabisa. Lugha tamu, koma zote mahali pake, sina neno. Ila mhariri wao kaona kW (kasi ya kutumia umeme) na kWh (kiasi cha umeme betri inachobeba) akadhani ni kitu kimoja kimekosewa, akazifanya zote kW faili zima!! Sasa betri ya 5 kWh ukiivuta kwa 1 kW inakaa kama masaa 5, ukifuta hiyo h mteja atapigaje hesabu? Walirekebisha bila kinyongo, hapo nawapa. Siku hizi kabla sijamwajiri mtu namtumia kurasa mbili zenye makosa niliyoyapanda mwenyewe, akiuliza maswali namchukua, akisifia tu namwacha. Nyota 2, moja ya koma.