Audacity, flashi ya "ubora wa studio" na kaseti za mzee

Flashi niliinunua mjini Mtwara kwa shilingi 45,000: GB 64, nyimbo 140 za dansi la zamani. Muuzaji aliniambia zote zimepandishwa hadi 192 kHz, biti 24, yaani sauti inapimwa mara 192,000 kila sekunde, na kila kipimo (ndiyo sampuli) kinaandikwa kwa tarakimu 24 za kompyuta. Ubora wa studio, alisema. Nikarudi nayo Mikindani moyo ukinidunda, maana ndizo nyimbo alizokuwa akipiga marehemu baba kule Newala kila korosho zikilipa vizuri. Nikachomeka, nikakaa kitako. Magitaa sawa, lakini matoazi yalikuwa yanachuruzika kama maji kwenye mfereji, na sauti ya mwimbaji ikipanda inapasuka.

Hapo ndipo nilipoishusha Audacity. Ni programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, ipo tangu mwaka 2000, na ukishaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi hata bando likiisha. Nilifungua wimbo mmoja, nikabadilisha mwonekano kutoka mawimbi kwenda spektrogramu, ile picha inayoonyesha sauti nzito chini na nyembamba juu. Faili la 192 kHz lina nafasi ya kubeba sauti hadi 96 kHz, yaani nusu yake; hapa kHz moja ni mitetemo elfu kwa sekunde. Kwenye picha yangu rangi zilipanda hadi 16 kHz zikakatika, zimenyooka kama ukuta uliopigwa timazi. Juu ya hapo patupu. Nikafungua wimbo wa pili, wa kumi, wa thelathini: ukuta uleule. Hiyo ni alama ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, ambayo hutupa sauti nyembamba ili faili liwe dogo. Kilichotupwa hakirudi. Kupandisha sampuli ni kukokotoa nukta mpya katikati ya zile zilizopo, basi. Wimbo wa dakika 4 uliokuwa wa MB 4 hivi nimeuziwa ukiwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, la MB 276, na hauna kitu cha zaidi ndani yake. Mawimbi nayo yalikuwa bapa juu na chini, kwa sababu mtu ameongeza sauti hadi ikagonga dari. Ndiyo maana mwimbaji alikuwa anapasuka.

Iliniuma, kwa sababu watu wanatoa hela zao kwa imani.

Sisemi kupandisha sampuli ni ulaghai. Nina CD chache halali, 44.1 kHz biti 16, nikazipandisha hadi 176.4 kwa Audacity hiyohiyo. Mke wangu akawa ananibadilishia bila kuniambia ipi ni ipi. Mara 10 nilipatia 5. Kifaa changu cha kugeuza dijitali kuwa sauti kinafanya kazi hiyo chenyewe humo ndani, kama vingi vya siku hizi, kwa hiyo CD zangu nimeziacha zilivyo, nikazibana kwa FLAC, aina ya faili linalobana sauti bila kutupa chochote.

Raha yenyewe niliipata kwenye kaseti za mzee, zile alizorekodi redioni na nyingine alizonunua. Chumvi ya bahari imezila maganda, ila tepu nyingi ni nzima. Nilisafisha hedi ya deki, kile kipande kinachosoma tepu, kwa pamba na spiriti, nikaunganisha waya kwenye kompyuta, nikarekodi kwa 48 kHz, biti 24. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 60 unakula MB 518, na FLAC inaupunguza sana. Lakini kabla ya kurekodi kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi, inayoiinamisha ikae sawa na tepu. Niliizungusha kidogo sana, robo ya robo, sikio likiwa kwenye spika, mpaka kayamba iliyokuwa imefunikwa blanketi ikatoka wazi, punje kwa punje. Hakuna namba ya kHz iliyowahi kunipa kitu kama kile.

Audacity ina kasoro zake. Kuhifadhi kazi si sawa na kutoa wimbo: usipousafirisha kama FLAC au MP3, unabaki na faili kubwa ambalo redio ya gari hailisomi. Kifaa chake cha kupunguza mvumo kinataka mkono mwepesi. Unakionyesha sekunde chache za mvumo mtupu, kinajifunza, kisha kinauondoa. Nikiweka kipunguze desibeli (dB) 6, sauti inabaki ya mtu. Nilipojaribu 18, mwimbaji akawa kama yumo mtungini. Upande wa sifa, umeme ulikatika nikiwa katikati ya kaseti na betri yangu imekufa siku nyingi. Nilipowasha tena, programu yenyewe iliniuliza kama nataka kurudishiwa kazi, ikanirudishia.

Kama unanunua nyimbo kwenye flashi, omba wimbo mmoja uufungue kwenye spektrogramu kabla hujatoa hela. Mimi nimebakiza kaseti 23. Nafanya mbili kila Jumapili, na ile skrubu naigusa upya kwa kila moja, maana kila kaseti ilirekodiwa na deki yake.