Aya za Mwanzo: Tathmini ya Makala za Michezo ya Video katika Wikipedia ya Kiingereza

Kwa miezi kadhaa nimeitumia Wikipedia ya Kiingereza kwa kazi moja tu, nayo ni kusoma aya za mwanzo za makala zinazohusu michezo ya video na kuziandika upya kwa Kiswahili. Kwa hiyo ninachokipima hapa si kamusi elezo nzima, ambayo ina mema na mabaya yake, bali ni ule utangulizi unaosomwa kabla ya kitu kingine chochote, pamoja na mwongozo unaofuatwa na wahariri wa kujitolea wanaouandika. Msomaji wa kawaida, hasa anayesomea kwenye simu huku bando likikatika, haendi mbali zaidi ya hapo, na ndiyo maana nimeona sehemu hiyo inastahili kupimwa peke yake.

Mwongozo wenyewe si mgumu. Utangulizi ni muhtasari wa makala, kwa kawaida hauzidi aya nne, na haufai kubeba jambo zito ambalo halikuelezwa na kuthibitishwa chini yake. Kwa sababu hiyo tanbihi nyingi huwekwa katika mwili wa makala, na aya za mwanzo zinaweza kuonekana kana kwamba hazina ushahidi, mpaka msomaji ashuke kidogo na kuukuta umepangwa. Nukuu, hata hivyo, hutakiwa kuwa na chanzo chake papo hapo. Sentensi ya kwanza hutaja mwaka, aina ya mchezo, aliyeutengeneza, aliyeuchapisha na mashine unayochezewa, basi. Makala ya The Legend of Zelda: Breath of the Wild huanza kwa kueleza kwamba huo ni mchezo wa vituko na mapambano wa mwaka 2017, uliotengenezwa na kuchapishwa na Nintendo kwa ajili ya Nintendo Switch na Wii U. Hakuna "maarufu" wala "wa kusisimua", ingawa ni michezo michache ya muongo ule iliyosifiwa kuliko huo. Ukavu huo ulinichosha mwanzoni, lakini baada ya makala kama kumi nilianza kuupenda, maana nilikwisha kujua kila kitu kimewekwa wapi.

Kutoegemea upande hakupimwi kwa mchezo unaopendwa na kila mtu, kwa hiyo niliifuata makala ya E.T. the Extra-Terrestrial, mchezo ambao kampuni ya Atari iliutoa mwaka 1982 kwa ajili ya mashine yake ya Atari 2600. Howard Scott Warshaw aliubuni kwa muda wa wiki tano hivi ili uwahi msimu wa Krismasi, ukaanguka vibaya sokoni, na tangu hapo umebebeshwa lawama za kila namna. Mwandishi mwenye haraka angeandika kwamba ndio mchezo mbaya kuliko yote iliyopata kutengenezwa, na wasomaji wengi wangekubali bila kuuliza. Utangulizi wa Wikipedia unasema kwamba mchezo huo hutajwa mara kwa mara kuwa miongoni mwa michezo mibaya kuliko yote. Tofauti ni ya maneno machache, lakini ni kubwa, kwa kuwa sentensi ya kwanza inatoa hukumu na ya pili inaarifu kwamba hukumu imetolewa na watu fulani, ambao majina ya magazeti na vitabu vyao yanaonekana chini. Vivyo hivyo kuhusu mporomoko wa biashara ya michezo ya video wa mwaka 1983: mchezo huo hutajwa kuwa mojawapo ya sababu zake, si chanzo pekee, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu soko la Marekani lilikuwa limekwisha kufurika michezo duni na mashine nyingi mno kabla ya hapo.

Makala hiyo hiyo inaonyesha pia jinsi chanzo kipya kinavyogeuza sentensi. Kwa miaka mingi habari ya kwamba Atari ilizika kaseti za michezo jangwani ilisimuliwa kama ngano, ijapokuwa magazeti ya mwaka 1983 yalikwisha kuandika kuhusu shehena iliyofukiwa katika jalala la Alamogordo, New Mexico. Mwezi Aprili 2014 jalala hilo lilichimbuliwa mbele ya kamera, kaseti zikaonekana, na James Heller, aliyekuwa meneja wa Atari na msimamizi wa maziko yale, akataja idadi ya 728,000, tena za michezo mbalimbali wala si E.T. peke yake. Mhariri mwadilifu wa mwaka 2010 alilazimika kuyaacha mamilioni yaliyokuwa yakisimuliwa yabaki kuwa masimulizi. Wa leo anaweza kuandika kuhusu maziko hayo kwa uhakika, huku idadi akimwachia aliyeitaja. Sijaona mfano bora zaidi wa kumweleza mwandishi chipukizi kwa nini tarehe ya chanzo ina uzito sawa na jina lake.

Cyberpunk 2077 ni mtihani wa namna nyingine, kwa sababu mchezo ulibadilika baada ya kuhukumiwa. Ulitolewa tarehe 10 Desemba 2020 ukiwa na hitilafu nyingi, hasa kwenye PlayStation 4 na Xbox One, na wiki moja baadaye Sony, kampuni yenye PlayStation, ikauondoa katika duka lake la mtandaoni, usirudi hadi Juni 2021. Mwaka 2023 lilikuja toleo la 2.0 pamoja na nyongeza ya Phantom Liberty, na waandishi walewale walioukosoa wakaanza kuusifu. Shabiki angependa kisa cha mwaka 2020 kifutwe, na aliyepoteza fedha zake angependa kisiwe na mwisho mwema. Utangulizi nilioukuta unayabeba yote mawili kwa kufuata wakati: sifa za hadithi na mandhari, kisha hitilafu, kisha kuondolewa dukani, kisha marekebisho. Kila upande umepewa nafasi kwa kadiri vyanzo vilivyoandika juu yake, na hilo ni gumu kuliko kugawa aya nusu kwa nusu, jambo ambalo wengi hudhani ndilo usawa.

Kasoro ninayoilalamikia zaidi imo katika sentensi zinazohusu mapokezi. Tovuti ya Metacritic hukusanya alama za wahakiki na kuzipa majina. Mchezo unaofikisha 90 na zaidi huitwa uliosifiwa na wote, na ule wa kati ya 75 na 89 huitwa uliopokewa vyema kwa jumla. Maneno hayo ni lebo za tovuti moja na yana kanuni zake za kihesabu. Makala nyingi huyachukua au huyakaribia sana bila kumtaja mwenyewe, na hapo "wote" huacha kuwa lebo, ikawa kauli ya kamusi elezo kuhusu ulimwengu mzima. Katika kurasa za majadiliano wahariri hugombania neno moja la sifa kwa siku nyingi, ugomvi ambao ungekwisha mara moja kama sentensi ingesema wahakiki walisifu nini na walikosoa nini. Kwa kipengele hiki sitoi alama za juu.

Nilijaribu pia kulinganisha na kamusi za mashabiki, zile zinazoandikwa kwa ajili ya mchezo mmoja, nyingi zikiwa chini ya Fandom, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2004 na Jimmy Wales na Angela Beesley kwa jina jingine. Baadhi zimejitenga, ile ya Minecraft ilihamia kwenye anwani yake yenyewe mwaka 2023. Huko chanzo kikuu ni mchezo wenyewe, na kwa maswali ya aina hiyo hazina mpinzani: ukitaka kujua tanuri ndani ya Minecraft huwashwa kwa kuni gani, usiende Wikipedia. Lakini mchezo hauwezi kuwa shahidi wa sifa zake, na kamusi mojawapo niliyoifungua ilianza kwa kunihakikishia kwamba mchezo wake ni "bora bila shaka yoyote", bila tanbihi hata moja. Niliifunga.

Kwa msomaji wa Afrika kuna upungufu unaouma zaidi. Wahariri wa michezo ya video wana orodha ya vyanzo iliyopangwa kwa makundi, vinavyoaminika, vinavyotegemea mazingira na visivyoaminika, na ni chombo kizuri ambacho kimeniokoa mara nyingi. Hata hivyo, vyanzo vingi vilivyomo ni vya Marekani, Ulaya na Japani. Aurion: Legacy of the Kori-Odan, uliotolewa mwaka 2016 na Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ulibahatika kuandikwa na vyombo vya nje, kwa hiyo una makala. Mchezo ulioandikwa na magazeti ya nyumbani pekee utaanza safari kwa kubishaniwa kama unastahili kuwapo. Sishauri kanuni ilegezwe; nashauri orodha irefushwe na watu wanaoyajua magazeti hayo.

Ama kuhusu kuandika kwa Kiswahili, kanuni zinahamishika lakini sentensi hazihamishiki. Kiingereza hurundika sifa mbele ya nomino. Anayeifuata safu hiyo ataandika "mchezo wa video wa mwaka wa 2017 wa vituko wa Nintendo wa", na msomaji atachoka kabla ya kitenzi. Nimezoea kuikata sentensi mara mbili. Hatari kubwa zaidi ni "inasemekana" na "inaaminika", maneno yenye sura ya adabu ambayo humficha msemaji kabisa. Kila nilipolikuta mojawapo katika rasimu yangu nililazimika ama kumtaja aliyesema ama kuifuta sentensi.

Tetris ilinichukua jioni nzima kwa ajili ya mwaka mmoja. Kampuni inayosimamia haki zake huadhimisha tarehe 6 Juni 1984, ilhali makala ya Kiingereza nilipoisoma iliandika 1985. Baada ya kuzungushana na vyanzo, nilichoandika ni hiki: "Tetris ni mchezo wa chemshabongo. Uliundwa katikati ya miaka ya 1980 na Alexey Pajitnov, mhandisi wa programu wa Umoja wa Kisovyeti, kwenye kompyuta ya Elektronika 60 mjini Moscow. Kampuni ya Tetris huhesabu umri wake tangu Juni 1984, na vyanzo vingine hutaja 1985."