Gazeti ninaloanzia ukurasa wa nyuma: uzoefu wangu na safu ya NB

Times Literary Supplement ni gazeti la vitabu la London, linalotoka kila wiki tangu 1902. Kwa zaidi ya miaka 70 wahakiki wake hawakutajwa majina; desturi hiyo ilikoma 1974. Labda ndiyo maana safu ya NB, iliyokaa ukurasa wa mwisho, ilitiwa sahihi kwa herufi mbili tu: J.C. Mwenyewe ni James Campbell, mzaliwa wa Glasgow, aliyeiandika hadi 2020.

Nilikuwa nikiisoma katika maktaba moja hapa Nairobi. Nakala zilifika zimechelewa, mara nyingine tatu kwa mpigo. Nilizipanga kwa tarehe, nikaipindua ya kwanza na kuanzia nyuma.

Kilichoninasa ni Tuzo ya Jean-Paul Sartre ya Kukataa Tuzo. Sartre, mwandishi na mwanafalsafa Mfaransa, aliikataa Nobel mwaka 1964, basi safu ikawa na tuzo ya waandishi wanaofuata nyayo zake. Mwaka 2012 mshairi Lawrence Ferlinghetti alikataa euro 50,000 za tuzo ya PEN, chama cha waandishi, tawi la Hungaria, kwa kuwa sehemu ya fedha ilitoka kwa serikali ya huko na yeye alijali uhuru wa kusema. J.C. akamtia kwenye orodha ya wanaowania Sartre. Akaeleza, pasipo hata kutabasamu, kwamba hadhi ya tuzo yake imepanda mno, hadi waandishi wa Ulaya na Marekani wanakataa tuzo nyingine wakitumaini kuteuliwa. Na Sartre yenyewe haijawahi kukataliwa na mtu. Ursula Le Guin, mwandishi wa riwaya wa Marekani ambaye naye alikataa tuzo miaka ya sabini, aliufurahia sana ukurasa huo.

Nilicheka, kisha nikatulia. Ndani ya utani ule mna swali zito: anayemlipa mwandishi anataka nini? Sisi ambao vitabu vyetu vingi hungoja mfadhili tunalielewa vizuri sana.

Kulikuwa pia na Tuzo ya Kutoeleweka, kwa wasomi wanaoandika sentensi zisizofunguka. Tangu niisome, kila ninachoandika nakisoma kwa sauti kwanza.

Ila raha kubwa kwangu ni matembezi. J.C. aliingia maduka ya vitabu vikuukuu, akatoka na kitabu cha pauni chache cha mwandishi aliyesahaulika, akatusimulia habari zake. Yeyote aliyewahi kununua vitabu vya inama kando ya barabara ya Tom Mboya anaijua hali hiyo: umeinama, watu wanakupita, mkono umeshika kitu ambacho hukukitafuta. Kwa sababu ya safu hii nilinunua kwa shilingi 150 kitabu kimoja cha African Writers Series, ule mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Afrika, jalada la rangi ya chungwa limechakaa, mhuri wa shule ndani, na maelezo ya mwalimu kwa penseli pembeni. Zamani ningekirudisha kwenye turubai kwa kuwa kimechorwachorwa. Sasa hiyo penseli ndiyo ninayoipenda zaidi.

Niseme na ugumu wake. J.C. hamsubiri msomaji. Huwataja waandishi wa Uingereza wa zamani kana kwamba ni majirani zako, na wewe ukiwa Nairobi itakubidi uwatafute mwenyewe. Mimi niliwatafuta, na sijutii.

Mwaka 2023 kampuni ya Paul Dry Books ya Philadelphia ilitoa mkusanyo wa safu hizo. Nilipoupata nilisoma kumi kwa usiku mmoja, na ladha ikapotea. Kosa si la maandishi. Safu ya kila wiki ni achari, nami niliila kama wali. Kile kingojeo cha siku saba, kujiuliza wiki hii amekuta nini, ni sehemu ya utamu wake, na kitabu hakiwezi kukurudishia.

Natamani gazeti letu moja la Kiswahili limpe mtu mmoja mwenye macho makali robo ukurasa tu, kila wiki, aandike kuhusu vitabu kwa upendo na ucheshi namna hii, bila kukatishwa kila matangazo yanapoongezeka.

Kwa sasa nimejipangia safu moja kila Ijumaa jioni, baada ya chai. Wiki hii nimefika 2009.